Namna ya Kuifanyia Chuki Utafiti Visiwani

Mwanafunzi anayekuja na mada "Chuki Zanzibar" bado hana mada. Ana neno tu, na neno lenyewe ni kubwa kuliko miezi minane aliyopewa na chuo. Chuki inaweza kuwa hisia iliyomo kifuani mwa mtu mmoja. Inaweza kuwa maneno yaliyochapwa gazetini mwaka 1959. Inaweza kuwa jirani aliyeacha kwenda kumzika jirani yake. Mambo matatu haya yana ujamaa, lakini si kitu kimoja, na taaluma inayokamata moja mara nyingi haina mkono wa kukamata jengine. Kosa linaloharibu tasnifu nyingi za mada hii ni kuchukua ushahidi wa maneno ukatolea hukumu ya mioyo, au kuchukua ya mioyo ukaelezea damu iliyomwagika. Mwongozo huu unafuata njia ya kuliepuka kosa hilo, hatua kwa hatua, kwa utafiti mdogo unaoweza kufanywa Unguja au Pemba na watu wawili watatu.

Anza na neno lenyewe

Kabla ya dodoso, kabla ya nyaraka, tazama kitenzi "kuchukia" kinavyotumika kwetu. Mtu akisema "baba leo kachukia", hamaanishi uadui. Baba kakasirika, na huenda alasiri kashatulia. "Hilo limenichukiza" ni kero tu. Sasa ukimuuliza bibi wa Makunduchi, "Jee, unawachukia watu wa chama kile?", anaweza kukujibu ndiyo kwa maana ya kuwa walimuudhi wiki iliyopita. Mwengine atasema hapana, ilhali hajamsalimia jirani yake miaka kumi, kwa sababu kwake yeye hiyo si chuki, ni kukaa mbali na shari. Swali moja limepima vitu viwili, na hakuna hesabu ya kompyuta itakayokuja kuvitenganisha baadaye.

Dawa yake ni zoezi la kadi, linalotoka kwa wanaanthropolojia na gharama yake ni karatasi ya manila. Andika kila neno kwenye kadi yake: chuki, hasira, kinyongo, mfundo, uhasama, uadui, husuda, kijicho, inda, bughudha, fitina, kisasi, dharau, woga. Tafuta watu 12 hadi 15 wa mjini, wa shamba na wa Pemba, wanawake na wanaume, wazee na vijana. Mpe kila mmoja kadi peke yake, azipange mafungu anavyoona mwenyewe, kisha akueleze kwa nini. Nusu saa kwa mtu inatosha. Usimsaidie.

Utakayoyapata yana thamani. Husuda na kijicho hudai kwamba yule mwengine anacho kitu ambacho wewe huna. Kinyongo ni kumbukumbu ya kuumizwa inayowekwa kimya. Uhasama una pande mbili na zote zinajua. Fitina si hisia kabisa, ni kitendo, na mara nyingi cha mtu wa tatu. Maneno yanayolala fungu moja kwa watu wengi ndiyo utakayoyatumia katika maswali yako. Yale ambayo wazee huyatenga na vijana huyachanganya yaandike pembeni, maana ukiyaingiza kwenye dodoso bila kujua, tofauti ya umri itajitokeza kama tofauti ya chuki.

Hapo ndipo nadharia inapofaa. Robert Sternberg, mwanasaikolojia wa Marekani, ameigawa chuki sehemu tatu: kumkataa mtu asikaribie, moto wa hasira au hofu, na uamuzi wa kudumu kwamba yule ni duni au ni mbaya kwa asili yake. Aliyekasirika ana sehemu ya pili tu. Ya tatu ni baridi: haipigi kelele, na mtu huweza kuwa nayo huku anatabasamu. Kila swali lako la dodoso liandikie pembeni linapima sehemu ipi. Ukikuta maswali kumi yote yanapima moto, umetunga dodoso la hasira.

Kila taaluma na mtego wake

Fani inayokusanya masomo haya ipo rasmi: Chuo Kikuu cha Gonzaga, mjini Spokane, Marekani, kina taasisi yake tangu miaka ya mwisho ya 1990 na jarida lake, na Bard College nacho kina kituo. Lakini hakuna mbinu moja ya fani hii. Unaazima, na anayeazima lazima ajue chombo kinabeba kiasi gani.

Saikolojia ya makundi inakamata upendeleo. Henri Tajfel, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwagawa wavulana kwa kuwaambia kwamba kundi hili linapenda picha za mchoraji Klee na lile za mchoraji mwengine, Kandinsky, basi. Wakawapendelea wa kundi lao walipogawa pesa, hata pale ambapo wote wangepata zaidi kwa kugawa vyengine. Kupendelea chako, kwa hivyo, hakuhitaji historia ndefu. Lakini usivuke hapo: kumpendelea wa kwako si sawa na kumtakia mabaya wa nje. Muzafer Sherif alionyesha mwaka 1954, kwa wavulana 22 kambini Oklahoma, kwamba ushindani wa zawadi ndio uliogeuza utani kuwa ugomvi, na kwamba kazi ambayo kundi moja haliwezi kuifanya peke yake ndiyo iliyoupoza.

Wanaopima ubongo wanakamata kidogo zaidi kuliko magazeti yanavyosema. Utafiti wa Semir Zeki na John Romaya wa 2008 ulikuwa na watu 17, kila mmoja akionyeshwa picha ya mtu anayemchukia yeye binafsi. Sehemu kadhaa za ubongo zilifanya kazi pamoja, zikiwemo zinazotayarisha mwendo. Haukuhusu kabila wala chama. Anayeutaja kueleza siasa za Visiwani ameubebesha mzigo usio wake.

Sosholojia inakamata umbali. Gordon Allport, mwaka 1954, alipanga ngazi tano: maneno ya kusengenya, kuepukana, kubagua, kupiga, kuangamiza. Ngazi hiyo inasomeka vizuri hapa. Baada ya uchaguzi wa 1995, Pemba ilishuhudia watu kususiana dukani, harusini, na hata mazikoni. Hiyo ni ngazi ya pili, na unaweza kuihesabu bila kumuuliza mtu yeyote kilichomo moyoni mwake.

Historia na isimu zinakamata maneno, na kwa Zanzibar ndizo zenye hazina kubwa zaidi. Kwa hivyo tutakaa nazo.

Magazeti ya Zama za Siasa: mfano kamili

Chukua swali hili: magazeti ya Zama za Siasa, yaani miaka ya ushindani wa vyama kabla ya uhuru, yaliwaitaje wapinzani, na majina hayo yalibadilikaje kati ya uchaguzi wa Julai 1957 na ule wa Julai 1963? Swali lina mwanzo, lina mwisho, lina kitu cha kuhesabu. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina magazeti ya wakati ule na mafaili ya serikali ya kikoloni. Magazeti mawili yanatosha kukuonyesha pande: Mwongozi lilikuwa sauti ya ZNP (Zanzibar Nationalist Party), Afrika Kwetu lilisimama na ASP (Afro-Shirazi Party).

Usichague matoleo yenye matusi. Huo ndio mtego wa kwanza, maana matusi ndiyo yanayonukuliwa na waliotangulia, nawe utakwenda moja kwa moja kuyatafuta. Chagua kwa kanuni: toleo la kwanza la mwezi mmoja katika kila miezi miwili, kuanzia Januari 1957 hadi mwisho wa 1963. Ni matoleo 42 kwa gazeti moja, 84 kwa mawili. Toleo moja, kwa msomaji makini, huchukua dakika 25 hivi. Saa 35 jumla, sawa na siku tisa za saa nne kwa siku. Toleo likikosekana, andika kwamba limekosekana, kisha chukua linalofuata. Ukilibadilisha kimya kimya umeficha jambo, kwani matoleo yanayopotea mara nyengine ni yale yaliyogombaniwa. Nenda na penseli.

Jaduweli yako iwe na safu hizi: tarehe, ukurasa, aina ya andiko (tahariri, barua, shairi, habari, tangazo), nani anasema, nani anasemwa, neno gani hasa limetumika, na alama. Alama nne zinatosha. Moja ni kuwatofautisha tu: "wao" na "sisi". Mbili ni kuwadunisha: hawana ustaarabu, hawana asili, hawana shukrani. Tatu ni kuwatoa katika ubinadamu, kwa kuwafananisha na mnyama, maradhi au uchafu. Nne ni kuwaonyesha kuwa ni hatari ambayo haitaondoka mpaka waondoshwe. Wito wa kutenda jambo, "tususie", "tuwatoe", uwekee safu yake peke yake. Ni kitu chengine na usiuchanganye na alama.

Mashairi ndiyo yanayowaangusha wengi. Mshairi wa mwaka 1960 hasemi "fulani ni mwizi". Anamtaja kunguru aliyeingia bandani, na kila msomaji wa wakati ule anajua kunguru ni nani. Msomaji wa leo asiyejua fumbo ataandika sifuri, na gazeti lenye mashairi mengi litaonekana pole kuliko lilivyokuwa. Kwa hivyo mashairi yote yatenge, uyasome na mzee anayejua bahari za ushairi na anayeikumbuka miaka ile, na uandike maana aliyokupa pamoja na yake ya pili kama anayo. Kanga na mipasho ya taarab zinataka uangalifu huohuo.

Kisha pima kama alama zako zinaaminika. Mtu wa pili asome asilimia 20 ya matoleo, yaani 17, bila kuona alama zako. Usitosheke na kusema "tulikubaliana asilimia 85". Ikiwa maandiko mengi hayana cha kuwekewa alama, mtakubaliana sana hata mkiandika kwa kubahatisha. Kappa ya Cohen, kipimo cha makubaliano ya wasomaji wawili, huiondoa sehemu hiyo ya bahati. Tuseme mmekubaliana 0.85 na bahati peke yake ingetoa 0.60: toa 0.60 kwenye 0.85, ugawe kwa 0.40, upate 0.625. Hiyo bado ndogo; lenga 0.70 au zaidi. Mkishindwa, tatizo mara nyingi liko baina ya alama ya pili na ya tatu. Kaeni, andikeni kanuni ya mstari mmoja yenye mifano miwili, halafu msome matoleo mengine 17, si yaleyale.

Jihadhari pia na majina ya watu. "Mshirazi", "Mwarabu", "Mwafrika", "Mswahili" hayakuwa masanduku yenye kufuli. Wengi waliojiandikisha Waswahili katika sensa ya 1924 hawakujiita hivyo katika sensa ya 1931. Ukichora grafu ya "kabila" ukadhani unafuata watu walewale, unafuata majina yanayohama. Mwanahistoria Jonathon Glassman, aliyeyasoma magazeti haya kwa kina, amesisitiza kwamba fikra za ubaguzi hazikuletwa na mkoloni tu. Wasomi wa hapa nao walizijenga katika mabishano yao. Ukubaliane naye au umpinge, lakini uwe umeyasoma.

Kutoka neno hadi kitendo

Hapa ndipo pa hatari. Uchaguzi wa Januari 1961 uliipa ASP viti 10, ZNP 9 na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) 3. Ukarudiwa tarehe 1 Juni, kiti kimoja kikiwa kimeongezwa, na siku hiyo zikaanza ghasia ambazo ziliua watu 68, wengi wao Waarabu wa shamba. Mwanafunzi anaweka grafu yake ya alama nne juu, tarehe ya ghasia chini, na anaandika kwamba magazeti yalisababisha. Hajathibitisha. Kulikuwa na wakulima waliofukuzwa kwenye mashamba ya watu, kulikuwa na kususiana madukani na garini, kulikuwa na uvumi wa wizi wa kura vituoni. Lolote kati ya hayo lingeweza kuwa sababu, au yote kwa pamoja.

Ili udai sababu unahitaji mahali palipofikiwa na maneno na mahali pasipofikiwa, vyengine vyote vikiwa sawa sawa. David Yanagizawa-Drott alifanya hivyo kwa Rwanda: milima iliziba mawimbi ya RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994, katika baadhi ya vijiji na kuyapitisha katika vyengine, akalinganisha. Makadirio yake, yaliyochapishwa 2014, yalikuwa kwamba kama asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji ilitokana na redio hiyo, na wapo watafiti waliompinga. Pima uzito wa jambo hilo. Redio ambayo mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu mwanzilishi wake tarehe 3 Disemba 2003, bado ilipopimwa kwa hesabu ilieleza sehemu tu.

Kwa Zanzibar milima haitusaidii. Kinachoweza kusaidia ni njia ya gazeti: lilisomwa wapi kwa sauti, mkahawa gani, baraza ya nani, lilifika shamba siku gani. Hayo hayamo gazetini. Yamo vichwani mwa wazee.

Kukaa na wazee

Aliyezaliwa 1948 alikuwa na miaka 13 wakati wa ghasia za Juni, kwa hivyo muda unakimbia. Anza na wazee kabla ya kumaliza magazeti. Lenga mahojiano 24, saa moja na robo kila moja. Hiyo ni saa 30 za sauti, na saa moja ya sauti huchukua saa tano hadi sita kuiandika neno kwa neno. Tenga saa 150 hadi 180 kwa kazi hiyo. Asiyezitenga huishia kuandika muhtasari, na katika muhtasari ndimo maneno ya kuita watu yanamopotea kwanza.

Usihojie barazani. Barazani mzee anaihutubia baraza, si wewe. Omba ndani, au chini ya mwembe pasipopita watu, na sheha, kiongozi wa serikali wa shehia (mtaa au kijiji), akishakutambulisha aondoke; akibaki, umepoteza siku. Nenda alasiri. Pemba msimu wa karafuu usimsumbue mtu: mchana yuko juu ya mkarafuu, usiku anachambua. Paje na Jambiani wanawake wa mwani wako pwani wakati wa bamvua, waendee maji mafu.

Usianze na ugomvi. Anza na mtaa: nani alikuwa jirani, duka lilikuwa la nani, kisima kilikuwa wapi, nani alimsomesha chuoni. Kisha uliza vitendo vyenye mahali na wakati: "Alipofariki mzee wa nyumba ile, nani alikwenda kumuosha?" "Gari ya shamba mliipanda wote?" "Dukani kwake mliacha kununua lini, na mkarudi lini?" Swali la "mlikuwa mnachukiana?" liweke mwisho au liache. Karibu kila mtu atakwambia "tulikuwa tunaishi kwa mapenzi tu, siasa ndiyo iliyotuharibu". Usiichukue kauli hiyo kuwa uongo wala kuwa ushahidi wa mwaka 1958. Ni ushahidi wa namna watu wanavyotaka kukumbuka leo, na una mahali pake katika kazi yako, chini ya kichwa chake chenyewe.

Mzee akinyamaza, nyamaza naye. Wengine walipoteza watu mwaka 1961, wengine Januari 1964, wengine ni wale ambao jamaa zao walikuwamo Pemba tarehe 26 na 27 Januari 2001, waandamanaji walipopigwa risasi. Akilia, zima kinasa sauti kwanza, ndipo umuulize kama anataka mwendelee siku nyengine. Hakuna nukuu inayostahiki kumfungua mtu kidonda ukamwacha nacho ukapanda gari.

Kupima umbali wa leo

Emory Bogardus alitunga, miaka ya 1920, ngazi ya hatua saba za ukaribu: kuoana, urafiki, ujirani, kazi, uraia na kadhalika. Ukiitafsiri ilivyo, itapima Marekani. Tunga ya hapa, na ujaribu hii: kuozeshana, kufuturu pamoja, kwenda kuzika, kukopeshana dukani, kukaa mlango kwa mlango, kufanya kazi chombo kimoja au shamba moja la mwani, kuishi kisiwa kimoja.

Mpangilio huo usiuamini mpaka uujaribu. Kuzika ni fardhi kifaya. Mtu anaweza kwenda kumzika asiyempenda kwa kuwa dini imemlazimu, huku futari yake hamualiki. Kwa hivyo kutokwenda mazikoni ni ishara nzito zaidi kuliko kutokwenda harusini, na hatua hiyo huenda ikashuka chini ya ujirani. Tena wanawake hawaendi makaburini. Kwao swali ni kwenda kufiwani na kukaa hitima. Waliosahau hilo walipata "tofauti kubwa ya kijinsia" iliyokuwa kosa la swali.

Jaribu kwa watu 30. Majibu ni 30 mara 7, yaani 210. Kila mahali mtu alipokubali hatua ya karibu akakataa ya mbali, hesabu kosa. Makosa yasizidi 21, maana kiwango kinachokubalika ni 0.90, yaani majibu tisa katika kumi yafuate mpangilio. Yakizidi, badilisha mpangilio au toa hatua inayovuruga, kisha jaribu kwa watu wengine.

Sampuli: kwa shehia yenye watu wazima 1,200, ukitaka kosa la asilimia 5 juu au chini kwa uhakika wa asilimia 95, unahitaji 384, ambayo kwa udogo wa shehia hushuka hadi 291. Ukikubali kosa la asilimia 8, watu 134 wanatosha. Orodha ya nyumba itoke kwa sheha, lakini bahati nasibu uipige wewe. Akikuchagulia yeye, utapewa nyumba zinazosema vizuri.

Lafudhi ya muulizaji ni sehemu ya kipimo. Mpemba akiulizwa na Mpemba mwenzake kuhusu Waunguja hatasema aliyoyasema kwa mtu wa mjini, na kinyume chake. Huwezi kuiondoa athari hiyo, lakini unaweza kuiona: wagawe waulizaji kwa bahati nasibu, andika nani kamuuliza nani, mwisho linganisha wastani wa kila muulizaji.

Kwa swali zito kabisa tumia njia ya orodha. Nusu ya watu wapewe mambo manne yanayoweza kumkera mtu: umeme kukatika, bei ya mchele kupanda, boti kuchelewa, mvua siku ya sikukuu. Nusu nyengine wapewe hayohayo na la tano: binti yako kuolewa na mtu wa upande ule. Kila mtu ataje idadi tu, si yapi. Nusu ya kwanza ikitoa wastani wa 1.9 na ya pili 2.2, tofauti ya 0.3 maana yake asilimia 30 wanakerwa na la tano, na hakuna hata mmoja aliyejifichua. Tatizo ni ukubwa wa sampuli. Kwa watu 150 kila upande, na mtawanyiko wa 0.9, kosa ni kama asilimia 20 juu au chini, yaani jibu lako liko popote baina ya 10 na 50. Kwa 500 kila upande hushuka hadi 11. Kama huna watu wa kutosha, usiitumie njia hii kwa ajili ya kupamba tasnifu. Na mambo manne yachaguliwe pasiwe na mtu anayekerwa na yote, kwa sababu akijibu "matano" amejifichua.

Ongeza maswali mawili ambayo wengi huyaacha: "Watu wa mtaa huu wanaonaje?" na "Nani angekusema ukifanya hivyo?" Elizabeth Levy Paluck aliutathmini mchezo wa redio wa mapatano nchini Rwanda, matokeo yakatoka 2009: imani za watu binafsi hazikubadilika sana, kilichobadilika ni walivyoamini kuwa ndiyo desturi ya wenzao. Ukiuliza moyo tu, badiliko hilo hulioni. Mtaani kwetu, ambako "watu watasema nini" ina nguvu kuliko amri, kuliacha swali hili ni hasara kubwa. Litumie hasa ukitaka kufuatilia athari za Maridhiano baina ya CCM na CUF, tangu mkutano wa Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad tarehe 5 Novemba 2009 hadi kura ya maoni ya 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 walikubali serikali ya umoja wa kitaifa.

Mbao za maskani, simu, na sheria

Maandishi ya chaki kwenye ubao wa maskani, kijiwe cha wafuasi wa chama, hufutwa jioni. Piga picha siku hiyohiyo, upana wote wa ubao, pamoja na tarehe; sura za watu zisionekane. Ujumbe wa kundi la simu usiuchukue bila ruhusa ya wenye kundi, hata kama wewe ni mwanachama. Na neno likishasambazwa mara 40, hesabu mara mbili kando: maneno tofauti, na idadi ya kusambazwa. Kuyachanganya humfanya mtu mmoja mwenye bando aonekane umma.

Usiite andiko "uchochezi" kwa kuwa limekukera. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Tanzania iliingia 1976, katika kifungu cha 20 unazungumzia utetezi wa chuki unaochochea ubaguzi, uadui au fujo. Mpango wa Rabat wa 2012, wa Umoja wa Mataifa, unataka utazame mambo sita kwa pamoja: mazingira, msemaji na hadhi yake, nia, maudhui na namna ya kusema, upana wa kusambaa, na ukaribu wa madhara kutokea. Jaza yote sita kwa kila andiko unaloliita hivyo. Likikosa matatu, liite tusi au dharau, ambayo ndiyo majina yake.

Vibali, na namna ya kuweka ulichopata

Kibali cha utafiti cha Zanzibar hutolewa Zanzibar. Barua ya Bara haikitoshelezi. Baada yake kuna mkoa, wilaya, kisha sheha. Weka wiki sita hadi nane za kungoja, na usipange kukusanya dodoso miezi mitatu kabla au baada ya uchaguzi wa Oktoba, ila kama uchaguzi wenyewe ndio swali lako.

Majina ya wahojiwa yakae daftari moja, namba zao jengine, nyumba mbili tofauti. Katika maandishi usifiche jina tu. "Fundi cherehani wa pekee wa kijiji, aliyerudi kutoka Shimoni, Kenya" anajulikana na kila mtu hata bila jina. Badilisha kazi au kijiji, na useme katika utangulizi kwamba umefanya hivyo. Tusi lililotajwa na mhojiwa kuhusu familia inayoishi hadi leo liandike kwa alama yake, si kwa neno lake.

Unapounganisha, chora jaduweli ya mwisho yenye safu tatu: maneno, umbali, vitendo. Kila dai lako likae katika safu iliyolizaa, na pale unapotaka kuvuka kutoka safu moja hadi nyengine, andika kwa sentensi moja ni ushahidi gani unaokuvusha. Sehemu ambazo sentensi hiyo haiandikiki ziache wazi, kwani msimamizi mzuri huzitazama hizo mwanzo.

Matokeo yapeleke kwenye shehia kabla hayajafungwa jalada: kurasa mbili, kwa Kiswahili, zisomwe kwa sauti mchana, wanawake na wanaume wakiwepo, bila namba ya nyumba yoyote. Andika pingamizi watakazotoa na uziingize. Kisha, miezi sita baada ya kukabidhi tasnifu, daftari la majina lichome moto.